Ndoo Kabla ya Kochi: Kuanza Maisha kwenye Nyumba ya Kupanga Mtwara

Usiku wangu wa kwanza Mtwara nilikuwa na kochi jipya la watu watatu na sikuwa na ndoo. Kochi nililiona mchana nje ya karakana ya fundi, nikapenda rangi, nikalipa. Saa mbili usiku nataka kuoga, nafungua bomba la ndani linatoa upepo tu. Maji yapo bomba la uani, ila sina chombo cha kuyatia. Nikaenda kumgongea jirani. Akanipa ndoo yake ya kufulia, akachungulia sebuleni kwangu, akaliona lile kochi limejikalia peke yake katikati ya chumba. Akasema, "Karibu Mtwara, mwalimu. Naona umekuja kukaa kweli."

Kochi lenyewe si dhambi, tatizo ni kulinunua siku ile. Kwa hiyo mwongozo huu nimeupanga kwa siku, kipi kitangulie na kipi kisubiri. Ni kwa mtu aliyehamia kikazi au kibiashara, amepata chumba na sebule au kijumba kidogo, ndani hakuna hata msumari, na hela nyingi imeshamezwa na kodi.

Kwanza hesabu, dalali baadaye

Wenye nyumba wengi hapa wanataka kodi ya miezi mitatu, sita, au mwaka mzima kwa mkupuo. Dalali naye kwa kawaida anachukua kodi ya mwezi mmoja. Nyumba ya 100,000 kwa mwezi, ukilipa miezi sita, ni 600,000. Weka na 100,000 ya dalali, umeshatoa 700,000 na hujanunua hata ufagio. Kama uliingia mjini na 1,200,000, umebakiwa na 500,000. Humo toa 100,000 uifiche mahali ambapo hata wewe utaona tabu kuifikia. Kwa mfanyakazi aliyehamishwa usiitegemee hela ya uhamisho. Yangu ilikuja wakati nimeshaisahau.

Ukiweza, omba miezi mitatu hata kama mwenye nyumba ataongeza kidogo. Nyumba ya Mtwara huijui mpaka mvua inyeshe, na huku mvua ni msimu mmoja mrefu, kuanzia mwishoni mwa mwaka hadi Aprili hivi. Ukilipa mwaka mzima mwezi wa Juni, umenunua paa ambalo hujaliona likifanya kazi.

Dalali kubaliana naye kabla hamjaanza kutembea: anachukua kiasi gani, na je, kuna hela ya kuonyeshwa tu? Nyumba yangu ya sasa sikuipata kwa dalali. Nilimuuliza mama anayeuza mboga gengeni, akaniambia nirudi jioni, na jioni akanipeleka mwenyewe mpaka mlangoni.

Kuhusu mitaa, usichague kwa sifa. Shangani kuna upepo wa bahari na nyumba zenye nafasi, na kodi zinafuata. Ligula kunawafaa watu wa hospitali. Magomeni na Chikongola watu wamesongamana, ila soko na usafiri uko mlangoni. Mikindani ni mji wa kale, umetulia, lakini ukifanya kazi mjini unapanda gari kila asubuhi. Naliendele na Mangamba unapata uwanja mkubwa na mikorosho dirishani, na hapo kuna jambo ambalo dalali hatakwambia. Kuanzia Juni hadi Agosti hivi wakulima wanapuliza salfa kwenye mikorosho, alfajiri, majani yakiwa bado na umande. Ile njano inatua kwenye nguo ulizoanika na kwenye maji usiyofunika, na macho yanawasha. Si sababu ya kukataa nyumba. Ni sababu ya kununua jaba lenye mfuniko.

Ikague ukiwa bado na hela mfukoni

Hapa ndipo ningekuomba utulie kuliko mahali pengine pote, kwa sababu hela ikishatoka, mwenye nyumba anakuwa na safari nyingi sana.

Anza na umeme. Mwombe namba ya mita, yenye tarakimu 11, halafu palepale nunua LUKU, yaani umeme wa kulipia kabla, ya 5,000 kwa simu yako. Ndiyo, kabla hujalipa kodi. Ujumbe utakaorudi utakueleza habari za nyumba ile kuliko mwenyewe. Kuna mteja wa matumizi madogo, anayelipa shilingi 100 kwa uniti kwa uniti 75 za mwanzo wa mwezi, na mteja wa kawaida anayelipa 292. Juu yake weka VAT asilimia 18, REA (umeme vijijini) asilimia 3 na EWURA (mdhibiti wa nishati na maji) asilimia 1. Kwa hiyo 5,000 bila makato mengine inampa mdogo uniti 41 hivi, na wa kawaida uniti 14. Umeona tofauti. Ukipata 14, jua mita iko daraja la juu, na friji lako utalihesabia hivyo.

Humo humo kwenye ujumbe angalia makato. Tangu Julai 2021 kodi ya jengo inakatwa kwenye LUKU, na tangu Julai 2023 kwa nyumba ya kawaida ni 1,500 kwa mwezi. Nyumba ikikaa miezi minane bila mtu kununua umeme, deni linajikusanya, na atakayelimeza ni mpangaji mpya anayenunua kwa mara ya kwanza huku anashangaa 10,000 yake imekwenda wapi. Kodi hiyo ni ya mwenye jengo. Mwambie mapema, kwa heshima, kwamba utakuwa unaihesabu kwenye kodi ya nyumba: miezi sita ni 9,000. Wengine wanakubali. Wangu alicheka, akasema, "Mwanangu, una mahesabu wewe," lakini aliandika.

Na kama nyumba ilifungwa muda mrefu, uliza mita iliboreshwa? Mita ambazo hazikuingiziwa namba za maboresho kabla ya Novemba 24, 2024 zinagoma kupokea umeme. Si ugonjwa mkubwa: ukinunua unaletewa mafungu matatu ya tarakimu 20, unaingiza la kwanza, la pili, kisha la tatu, kwa mpangilio uleule, bila kuruka.

Mita ya kushirikiana nayo iulizie. Wapangaji watatu kwenye mita moja wanavuka uniti 75 bila jitihada, na ugomvi wa "nani ana pasi" hauishi. Kama huna budi, kubalianeni nani ananunua lini, na mwenye friji atoe zaidi.

Maji. Fungua kila bomba, na uje tena kulifungua jioni, maana asubuhi saa nne kila bomba lina adabu. Muulize jirani wala si mwenye nyumba: maji yanatoka siku zipi, na yanapokatika mnachota wapi? Tazama mita ya maji inasoma ngapi, uipige picha, na uombe namba ya mteja ili uulize MTUWASA, mamlaka ya maji ya Mtwara, kama kuna deni la aliyetoka. Uniti moja ya maji ni lita 1,000, yaani ndoo 50 za lita 20. Ukiijua hesabu hiyo hakuna atakayekudanganya kwenye kugawana bili. Kama ni kisima na nyumba iko karibu na bahari, onja. Maji ya chumvichumvi yatafulia, ila sabuni haitatoa povu na chai itakuambia ukweli.

Paa. Ukija kiangazi huwezi kuliona likivuja, lakini dari linatunza kumbukumbu. Inua macho utafute duara la kahawia, kama doa la chai kwenye kitambaa. Doa lililopakwa rangi juu yake linaonekana jeupe kuliko sehemu nyingine. Uliza lini bati lilipigwa misumari mipya, kwa sababu hewa ya bahari inakula misumari kabla ya kula bati.

Choo: uliza shimo lilivutwa lini. Ni swali lisilo na haya. Wakati wa masika shimo lililojaa linajitambulisha lenyewe.

Mwisho wa ukaguzi, simama katikati ya chumba cha kulala uulize kusini ni wapi. Huku upepo una majina na majira. Kusi inavuma katikati ya mwaka, kuanzia Mei hadi Septemba hivi, inatoka kusini na kusini-mashariki, nayo ni baridi kidogo. Kaskazi inakuja Desemba hadi Machi kutoka kaskazini-mashariki, na hiyo ndiyo miezi ya joto. Chumba chenye madirisha pande mbili kinakuokolea feni. Chumba chenye dirisha moja linalotazama ukuta wa jirani, Januari utakikimbia ukalale barazani.

Karatasi na watu

Mkataba uandikwe hata kama mwenye nyumba ni mtu wa dini na ana mvi. Majina, kiasi, tarehe ya kuanza na kumaliza, nani anatengeneza kikiharibika nini, na taarifa ya kuondoka ni ya muda gani. Usomaji wa mita za maji na umeme siku ya kuingia uwekwe humo. Piga picha za ufa, kioo kilichopasuka na mlango uliolegea, umtumie mwenye nyumba siku hiyohiyo ili tarehe ibaki kwenye simu zenu wote.

Halafu nenda serikali ya mtaa. Watu wanaona ni urasimu, mpaka siku wanapotaka barua ya utambulisho kufungua akaunti, kumdhamini ndugu au kushughulikia kitambulisho, na mwenyekiti anauliza, "Wewe unakaa kwa nani?" Jitambulishe pia kwa balozi wa eneo lako. Dakika kumi tu.

Kwa majirani pita mlango kwa mlango jioni, baada ya alasiri, si mchana wa jua kali watu wamelala. Shikamoo kwa kila aliyekuzidi, jina lako, kazi yako, umetoka wapi. Usiingie ndani siku ya kwanza, hata ukikaribishwa mara tatu. Kaa barazani, pokea maji, ondoka. Na ukisikia kuna mchango wa msiba mtaani, toa hata kama marehemu humjui. Mimi nilitoa 2,000 wiki ya pili, na tangu hapo hakuna aliyeniita mgeni.

Siku ya kuingia

Hii ndiyo orodha yangu, na nimeipanga kwa uchungu wa ile siku ya kochi.

1. Kitasa kipya cha mlango wa mbele, au angalau kufuli lako mwenyewe. Hujui wapangaji wangapi wamewahi kuondoka na funguo.
2. Ndoo mbili za lita 20, moja yenye mfuniko, na kopo la kuogea. Beseni moja la kufulia.
3. Ufagio wa chelewa wa uani, ufagio laini wa ndani, tambara la kudekia, sabuni ya unga na dawa ya choo. Deki nyumba nzima kabla ya kuingiza kitu. Ikishajaa hutaideki tena hivyo.
4. Balbu. Aliyehama mara nyingi anaondoka nazo, wakati mwingine na holda zake.
5. Chandarua chenye dawa, kamba, na misumari minne ya zege.
6. Mkeka.

Namba tano usiiahirishe hata usiku mmoja. Pwani ya kusini malaria ipo mwaka mzima, na mgeni kutoka nyanda za juu kama mimi, mwenye damu ya Iringa, mbu wanamjua kwa harufu. Chandarua cha kitanda kikubwa kinatosha godoro lililowekwa chini, mradi kingo zake zichomekwe chini ya godoro pande zote. Kabla ya kupigilia msumari kwenye ukuta wa watu, omba ruhusa. Kama mwenye nyumba ni mgumu, funga kamba kutoka nondo ya dirisha hadi bawaba ya mlango.

Mkeka umeingia kwenye orodha kwa sababu ndio kochi lako, meza yako na kitanda cha mgeni wako kwa mwezi mzima. Nunua mzuri wa ukindu uliosukwa ukabana. Uinue uutazame kwenye mwanga: ukiona jua linapenya kila mahali, ulisukwa kwa haraka.

Wiki ya kwanza ni ya maji na moto

Maji kwanza. Nunua jaba la lita 100 lenye mfuniko, uliweke juu ya matofali mawili ili uweze kupiga deki chini yake. Mtu mmoja anayejibana linampeleka siku tatu. Ya kunywa yachemshe, uyatie kwenye ndoo yenye bomba dogo, na ndoo hiyo isiguswe kwa kazi nyingine.

Moto sasa, na hapa nina kisa. Nilinunua mtungi wa kilo 15 duka moja kwa sababu ulikuwa karibu, regyuleta na mpira nikanunua duka lingine kwa sababu ilikuwa nafuu. Nikafika nyumbani najiandaa kukaanga samaki wangu wa kwanza wa soko la Feri, vibua wanne wabichi kabisa, regyuleta inakaa juu ya mtungi kama kofia ya baba kwenye kichwa cha mtoto. Vichwa vya mitungi ya kampuni tofauti si lazima vilingane. Ilikuwa Jumamosi jioni, maduka yamefungwa. Jirani yuleyule wa ndoo akaniletea makaa ya moto kwenye kifuniko cha sufuria na jiko lake la akiba. Basi: nunua mtungi na regyuleta duka moja, na mwambie muuzaji aufunge mbele yako, auwashe, ndipo ulipe.

Ukinunua, pimisha. Kila mtungi umegongwa namba ya uzito wake ukiwa mtupu. Mtungi wa kilo 6 ukiwekwa kwenye mizani unatakiwa usome uzito ule na kilo 6 juu yake. Muuzaji anayesema mizani imeharibika, mwambie utarudi ikipona.

Nyumbani, mtungi ukae wima, penye hewa, si chini ya kitanda. Gesi ya mtungi ni nzito kuliko hewa, ikivuja inatambaa sakafuni na kujikusanya. Pima maungio kwa povu la sabuni: ukiona mapovu yanavimba, funga. Usipime kwa kiberiti, hata kama fundi mmoja aliwahi kukuonyesha. Ukisikia harufu, fungua milango na madirisha, usiguse swichi yoyote.

Wageni huuliza kwa nini gesi ya mtungi si bure katika mkoa wenye gesi. Ile iliyogunduliwa Mnazi Bay mwaka 1982 ni gesi asilia, inasafiri kwa bomba, na sehemu kubwa inakwenda kuzalisha umeme. Ya mtungi ni nyingine kabisa, inatoka nje ya nchi kwa meli, halafu inapanda lori kuja kwetu. Kwa hiyo unakaa kwenye mlango wa gesi na bado unalipa nauli ya gesi.

Kwa hiyo wengi tuna majiko mawili: gesi kwa chai na haraka, mkaa kwa maharage na kisamvu. Mkaa upikie nje au barazani. Jiko la mkaa ndani ya chumba kilichofungwa linatoa hewa ya sumu isiyo na harufu, na watu wamelala wasiamke.

Vyombo usinunue seti. Seti ya sufuria saba ina mbili utakazotumia na tano za kupangia kabatini, na kabati huna. Chukua tatu za saizi tofauti zenye vifuniko, moja nzito kwa ajili ya ugali. Mwiko, upawa, kisu kimoja kizuri, kikaango, sahani nne na bakuli mbili. Halafu mbuzi. Usicheke. Kusini huku bila mbuzi wa kukunia nazi hujaanza kupika. Kisamvu, samaki, pweza, hata mihogo, vyote vinasubiri tui. Mkalie kabla hujamnunua: ubao usiyumbe, na meno yawe makali yaliyosimama, si yaliyolala. Na chujio la tui, au kifumbu ukikipata.

Mpaka ununue friji, nunua chakula cha siku. Samaki wa asubuhi Feri ukimkaanga mkavu analala hadi kesho. Wa mchana wa jua kali usimlete nyumbani kabisa. Na ukichelewa kupika, kuna ming'oko, mizizi ya porini, ya kuchemsha inayouzwa barabarani, ukaila na kachumbari ukalala umeshiba.

Mwezi wa kwanza: kitanda, na subira ya fundi

Lala chini kwanza wiki mbili. Utajua upepo unaingilia wapi, jua la asubuhi linapiga ukuta gani, na jirani gani ana jogoo. Hapo ndipo utajua kitanda kielekee wapi.

Pima chumba kwa futi kabla ya kwenda karakana. Chumba cha futi 10 kwa 10 ukikiweka kitanda cha 6 kwa 6 unabaki na futi nne upande mmoja. Kabati linakula mbili. Umebakiwa na futi mbili za kupita, na hapo mlango haujafunguka. Cha 5 kwa 6, au 4 kwa 6 kwa mtu asiye na mwenzi, kinaacha nyumba ipumue. Na mlango wa sebule nao upime, si wa chumba tu.

Mbao ya mninga au mkongo inadumu, bei yake inajulikana. Vyovyote utakavyochagua, omba uione kabla ya vanishi. Inyanyue: mbao mbichi ni nzito, ukiigusa ni baridi, na miezi mitatu baadaye viungo vinaachana na kitanda kinaanza kulia kila ukigeuka. Ukiona unga laini mweupe chini ya ubao uliosimama karakanani, kuna mdudu ndani, mwachie fundi. Malipo nusu kwa nusu, tarehe iandikwe kwenye risiti.

Ila tarehe ya fundi ina mpinzani mmoja anayeitwa korosho. Kuanzia Oktoba minada ikianza na wakulima wakalipwa kupitia vyama vyao vya msingi, kila mtu anataka bati, kitanda, kabati na harusi kwa wakati mmoja. Fundi aliyekuwa anakubembeleza Julai, Novemba hapokei simu. Ukiweza agiza kabla. Ukishindwa, kuna vitanda vya kamba, telemka tukaze, bei nafuu, na mgongo wako utazoea au utalalamika.

Kitanda kikifika, kiache kiganja kimoja kutoka ukutani. Mchwa wa huku wanapanda ukuta kimyakimya na kuingia kwenye mbao kwa nyuma usikoona. Mabegi na maboksi ya vitabu yaweke juu ya matofali au vichanja. Mimi nilipoteza madaftari ya miaka mitatu kwa kuyaweka chini wiki mbili.

Vitu vya umeme na bahari

Feni kabla ya friji, friji kabla ya televisheni. Ukinunua friji, nunua na kifaa cha kulilinda umeme unapokatika na kurudi kwa nguvu. Ukikaa Shangani au Mikindani karibu na maji, chuma chochote cha nje kitapata kutu mapema: kufuli litie mafuta kila baada ya wiki chache, bawaba vilevile, na nyavu za dirisha chagua za plastiki. Pasi usiihifadhi ikiwa na maji ndani.

Vya kubeba na vya kuacha

Nilibeba mablanketi mawili mazito ya Iringa. Mpaka leo yanatumika kufungia vyombo. Beba mashuka, vyombo unavyovipenda, vitabu na nyaraka, na acha mbao zote. Kutoka Dar es Salaam ni zaidi ya kilomita 550, na lori linakutoza kwa nafasi, wala si kwa mapenzi yako kwa kabati la marehemu bibi. Tangu daraja la Mkapa lifunguliwe pale Rufiji mwaka 2003 safari imekuwa ya siku moja, lakini masika barabara hii bado ina mambo yake: Mei 2024, kimbunga Hidaya kilipopita, ilikatika maeneo ya Somanga na magari yakakwama. Kama unahama kati ya Machi na Mei, vitu vya siku ya kwanza safiri navyo wewe mwenyewe kwenye basi, usivitume na lori.

Mvua ya kwanza kwangu ilinyesha Desemba, usiku. Dari lilikuwa na duara moja la kahawia ambalo sikujua kulisoma nilipokagua nyumba, na chini ya duara lile, kwa hesabu kamili, lilikuwa kochi. Sasa liko barazani chini ya bati, na wanaolikalia zaidi ni watoto wa mtaa.

Ile ndoo ya jirani niliirudisha siku ya tatu. Chombo cha mtu hakirudi kitupu, basi nikaweka nazi mbili ndani. Ilikuwa Oktoba. Kesho yake asubuhi nafungua mlango naikuta kizingitini, imejaa mabibo mekundu na ya njano hadi mdomoni, na mabibo hayalali, kwa hiyo nikaanza tena kugonga milango, safari hii kuomba walaji.